Kutesti GitGitGadget mbele ya kutuma pachi

Swali, kutoka Katuba, Lubumbashi: Yaya, jambo. Nimerekebisha kosa mu kodi ya Git (programu yenye inatunza historia ya kodi), napenda kuwatumia wenye kuitengeneza pachi, ni kusema mistari yenye nilibadilisha. Ku kazi git send-email, komandi ya kutuma pachi na meli, haipiti, porti ya meli wameifunga, njo rafiki akaniambia nipitie GitGitGadget. Lakini naogopa itatuma kitu ya ovyo mbele ya watu ya dunia nzima. Natesti namna gani?

Jibu: Mdogo wangu, woga yako iko na maana. Tangu Git ianze 2005 pachi zinasomewa mu meli, na zile meli zinabaki ku lore.kernel.org, hifadhi yenye kila mtu anaweza kusoma, butoni ya kufuta hakuna. GitGitGadget yenyewe haina mambo mingi: unafungua pul rikwesti (ombi ya kuingiza kodi yako) ku GitHub, ule mtandao wa kuweka kodi, yenyewe inageuza kila komiti, ni kusema kila badiliko ulihifadhi, kuwa barua na inaituma kwa watu ya Git mu nafasi yako. Mara ya kwanza mtu mwenye alisharuhusiwa akuandikie /allow mu maoni ya ile pul rikwesti, na adresi yako ya meli ionekane ku profili, bila hiyo majibu hayatakufikia.

Sasa testi. Usianze na /submit, ile ya kutuma kwa watu wote, andika /preview pale pale mu maoni, barua zinakuja kwako tu. Hapa njo wengi wanajidanganya, wanafungua meli, wanaona inafanana, wanasema iko sawa. Macho haitoshi! Kodi ya Git imesogezwa na tab, na ukikopi kutoka ukurasa wa meli ile tab inaweza kugeuka nafasi tupu bila wewe kuona, halafu Git inakujibu "patch does not apply" na unashinda siku nzima kutafuta kosa mu kodi yenye haina kosa. Pakua meli yenyewe, ile mbichi ya .eml, uipitishe mu git am (komandi ya kuingiza pachi ya meli mu kodi) ku branchi mpya, ni kusema tawi ingine ya kodi, yenye inaanzia pale pale kazi yako ilianzia, kisha piga git diff, yenye inaonyesha tofauti, kati ya ile branchi mpya na branchi ya kazi yako. Isipoandika kitu, pachi imefika nzima.

Jina nayo. Ku kichwa cha barua utaona jina yako, "via GitGitGadget", na adresi yenye haiko yako. Usishtuke, ni juu seva za meli hazipendi mtu atume na adresi ya mwingine. Mwandishi wa kweli anaandikwa ndani ya barua, mstari wa From: wa kwanza kabisa, na git am inasoma ule. Kama jina yako iko na é, sawa vile majina yetu mingi, piga git log -1, yenye inaonyesha komiti ya mwisho, uone kama é imetoka é ao imekuwa takataka. Signed-off-by, mstari wenye unahakikisha uko na haki ya kutuma ile kodi, nayo iwe pale, unaiweka na git commit -s.

Maelezo ya pul rikwesti nayo yanasafiri na barua, kwa hiyo futa yale maandishi GitHub inakuwekea pale, ni aibu kuyatuma.

Siku ya /submit, konesyoni ikikatika usirukie kuandika tena. Fungua ukurasa upya, kama imeenda utakuta jibu ya "Submitted as" na namba ya barua. Wakikuomba kurekebisha, usibandike komiti ingine juu, rekebisha ile ile na git rebase -i (komandi ya kuandika upya komiti), push kwa nguvu, ni kusema ipeleke ku GitHub ifunike ile ya zamani, /preview tena, kisha /submit. Itatoka v2, ni kusema toleo la pili, na range-diff, yenye inaonyesha tofauti na toleo la kwanza, inajiweka yenyewe.