Mwalimu Aliyenipa Mkasi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu zangu. Huku Tandika hatujambo, na mguu wa mama yako unaendelea kupona.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Baba, umefunga kibanda siku tatu, umepoteza tenda ya sare za shule, ukalala matangani Bagamoyo kwa ajili ya mwalimu wa UPE. Huyo mama alikuwa nani kwetu?" Wateja walikuwa wamesimama mbele yangu, nikakujibu kwa haraka. Lile halikuwa jibu.

Nianze na hilo neno UPE, yaani ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, maana ulilitamka kama wengi wanavyolitamka. Mwaka 1974 TANU ilikutana Musoma, ikaamua kila mtoto apate elimu ya msingi. Ilipofika 1977 milango ikafunguliwa, watoto tukajaa, walimu hawatoshi. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowazungukia. Watu wakawabeza, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mwalimu wangu aliambiwa hivyo sokoni, sisi wanafunzi wake tukisikia. Lakini mimi nilikuwa nikipita kwao jioni, namkuta na koroboi, kitabu magotini, anafanya hesabu za kesho. Hesabu moja anaifanya mara tatu, anafuta, anarudia, asije akatufundisha kosa.

Mimi nilikuwa mzito. Tebo ya saba ilinishinda kabisa, nikawa nachapwa na kila mwalimu. Yeye akaja darasani na chapuo, ile ngoma ndogo. Akapiga mapigo saba, akanyamaza. Saba tena, akanyamaza. "Tumefika wapi?" Kumi na nne! Akaendelea hivyo, nasi tumesimama, miguu imeanza kucheza yenyewe, na alipofika saba mara nane, hamsini na sita ilinitoka mdomoni kabla sijaifikiria. Hadi leo nikipima kitambaa mezani nahesabu kwa mapigo yale. Ukinisikia nagonga meza kwa kidole, ndiyo hayo.

Ngoma kwake ilikuwa somo kama somo lingine. Alikuwa na hotuba ya Nyerere ya Desemba 1962, ile aliyotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mle Nyerere aliwauliza waliojua kucheza rumba na chachacha: wangapi kati yao wanaijua, au wamewahi hata kuisikia, gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lele mama? Mwalimu akatuuliza sisi swali lilelile. Hakuna aliyenyoosha kidole. Wiki iliyofuata akaja na bibi mmoja wa Kikwere, muuza samaki wa kukaanga, atufundishe ngoma za kwao. Yule bibi aliona haya kusimama mbele ya ubao, akawa anajifuta mikono kwenye kanga tu. Mwalimu akaja kuketi sakafuni katikati yetu, akakunja miguu, akawa mwanafunzi. Hapo ndipo bibi akaimba.

Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, hiki ambacho sasa ni TaSUBa, alitupeleka kwa miguu kila alipoweza. Tulikaa mchangani tukimsikiliza Hukwe Zawose akipiga ilimba, ile ala ya Wagogo yenye meno ya chuma. "Tazameni vidole gumba," Mwalimu alituambia, kwa sababu sote tulikuwa tumeduwaa na sauti ya Zawose.

Halafu kuna ile kanga. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni shida, sukari shida, nguo ndiyo usiseme. Tulitakiwa tucheze mbele ya wazazi na hatukuwa na cha kujifunga viunoni. Mwalimu alikuwa amepata doti mpya duka la ushirika, baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Akaitandika juu ya dawati, bado ina wanga, akanipa mkasi. Mkono ulinitetemeka. "Kata, mwanangu." Nikakata. Tulipata vibwebwe 12, nikakaa kuvipinda kwa sindano ya mkono, na pindo langu alilifumua mara mbili mpaka liliponyooka. Ule ndio mkasi wa kwanza kuushika maishani mwangu. Ada yako ya chuo ilitoka kwenye mkasi, mama, na wewe unajua.

Wahenga walisema kuwamba ngoma ngozi ivute kwako. Yeye aliivuta kwetu, na sikufichi, nyumbani kwake iliumiza. Bati lilivuja miaka mingi, mshahara uliishia kwenye njuga na ngozi za ngoma. Mwanawe mkubwa alimlaumu waziwazi, nami naona alikuwa na haki. Watoto wa mwalimu nao walitaka viatu.

Ni yeye huyo mwanawe aliyeniita pembeni siku ya tatu, hitma ilipokwisha. Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kanga. Chapuo. Ngozi imechanika, vigingi viwili vya kuwambia vimepotea, lakini mti wake mzima. Akasema, "Mama alisema hiki ni chako." Hatukuweza kusema zaidi, tukakaa tu.

Nimepata ngozi ya mbuzi, nimeiloweka tangu asubuhi, kesho naiwamba kisha naianika. Tamasha la Bagamoyo likifika, panda basi uje. Yule mjukuu wangu mkubwa uliniambia tebo ya saba inamsumbua. Mlete.

Ni mimi baba yako.