Swali la Msomaji: Je, Lijamu Hii ni Katili?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Naivasha. Nina farasi watatu ninaowakodisha wikendi kwa wageni, hasa watoto, dakika 15 kwa mzunguko. Mmoja, farasi jike anayeitwa Shaba, ameanza kurusha kichwa, na mara mbili amekimbia kurudi bandani akiwa na mteja mgongoni. Rafiki yangu ameniuzia lijamu (chuma cha mdomoni) yenye vyuma virefu vinavyoning'inia pembeni na mnyororo wa kupita chini ya kidevu. Anasema hiyo ndiyo breki. Dada yangu alipoiona alikasirika, akasema huo ni ukatili, nitoe chuma chochote mdomoni nimwendeshe kwa kamba. Nani yuko sawa? Kweli kuna lijamu katili na lijamu ya huruma, au ukali ni wa mkono tu? (Mwenye Shaba)

JIBU: Mwanangu, dada yako yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini kabla hujavua wala kuvisha kitu, mfungue Shaba mdomo.

Fanya hivyo leo jioni akishakula na kutulia. Ingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo wake, pale meno ya mbele yanapoisha na magego hayajaanza. Kuna pengo hapo, na ndipo lijamu inapokaa. Papasa polepole taya la chini. Utahisi ukingo wa mfupa, mwembamba kama mgongo wa kisu, na juu yake ufizi tu. Nyama hakuna. Kila anayevuta vigwe, zile kamba za mkononi, anavuta juu ya ukingo huo, juu ya ulimi, na kwenye pembe za mdomo. Ukiona kidonda, alama nyekundu au ngozi ngumu iliyopauka kwenye pembe hizo, Shaba ameshakujibu kabla yangu.

Sasa hilo neno kwamba ukali uko mkononi. Nililisikia nikiwa na miaka 17, siku yangu ya kwanza ya usaisi, kazi ya kutunza farasi, kule uwanja wa mbio wa Ngong, na kwa miaka mingi nililirudia kwa vijana niliowafundisha. Lina ukweli. Lijamu laini kuliko zote, ikiwa mkononi mwa mtu anayevuta kwa kushtukiza, itamchubua farasi. Lakini nimeliona pia likitumika kutetea vyuma visivyofaa kuwekwa mdomoni mwa kiumbe chochote. Katika banda moja nililofanyia kazi baadaye kulikuwa na farasi wa kijivu aliyependa kukimbia, naye akavishwa lijamu ya waya uliosokotwa. Mpandaji wake alikuwa fundi, si mtu wa fujo. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kila jioni. Jioni ya tatu nilichovya lijamu ile ndooni, maji yakageuka ya waridi. Niliyatazama, nikayamwaga, nikanyamaza. Kesho yake nikamvisha tena. Hilo linaniuma hadi leo, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Tuje kwenye chuma alichokuuzia rafiki yako. Lijamu ya kawaida ina pete mbili, na vigwe vimefungwa kwenye pete hizo hizo. Ukivuta kilo 2, mdomoni inafika kilo 2. Yako si hivyo, yako ni wenzo, yaani inazidisha nguvu kama mtaimbo. Pima kwa rula kutoka kipande cha mdomoni kwenda juu hadi kwenye tundu la hatamu, yaani mikanda ya kichwani, kisha kwenda chini hadi kwenye pete ya vigwe. Ikiwa juu ni sentimita 5 na chini ni 15, kilo 2 za mkononi zinakuwa kilo 6 kwenye mnyororo wa kidevu, na mdomoni zinazidi hizo, kwa sababu taya limebanwa kati ya chuma na mnyororo kama nazi kwenye koleo. Wakati huo huo hatamu inamvuta utosini.

Usiniamini kwa maneno. Weka kipande cha mdomoni juu ya muundi wa mguu wako, pitisha mnyororo nyuma ya mguu, kisha mwambie dada yako avute pete za chini kwa kidole kimoja kila upande. Kidole kimoja tu.

Vyuma hivyo havikubuniwa na watu waovu. Vinatumiwa na wapandaji waliofunzwa kwa miaka, ambao vigwe vyao vimelegea muda wote na wakitaka kusimama wanakunja kidole kidogo. Lakini kwako nani anashika vigwe? Mtoto wa miaka minane aliyeshuka kwenye gari dakika kumi zilizopita. Akiyumba, atashika kilicho karibu, nacho ni vigwe, na ataning'inia navyo kwa uzito wake wote. Kwa biashara yako, mwanangu, lijamu ya wenzo haina nafasi. Hapo sina la kupima.

Ya pete nayo ina mambo yake. Upana wake uzidi mdomo kwa nusu sentimita kila upande. Farasi wengi wa kimo cha kati wanavaa ya sentimita 12.5, lakini mpime Shaba kwa kijiti, usikisie. Yenye kiungo kimoja katikati ikivutwa inajikunja na kubana ulimi, kwa hiyo mimi napendelea yenye viungo viwili na kipande kidogo laini katikati. Nyembamba inakata. Nene kupita kiasi pia haifai, maana ulimi wa farasi tayari umejaza kinywa na nafasi ni ndogo. Pitisha kidole kwenye tundu za pete: zikilika kwa uzee zinafanya makali yanayobana midomo. Na ule mkanda wa pua usiukaze ili kumfunga mdomo. Vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua, la sivyo umemziba mwenye maumivu asiseme.

Mwaka 2019 wataalamu wa Ufini walitoa matokeo ya kuwakagua farasi 261 wa mbio za mikokoteni mara baada ya mashindano. Asilimia 84 walikuwa na vidonda vibichi mahali pa lijamu, na wachache mno ndio walioonekana kutoka damu nje ya mdomo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ile ndoo. Kumbe hata maji ya waridi ni dalili ya kuchelewa.

Je, kutoa chuma kabisa? Naam, kwa Shaba ningefanya hivyo, ila dada yako asidhani kila kisicho na chuma mdomoni ni cha huruma. Kuna hatamu za puani zenye vyuma virefu na mnyororo uleule wa kidevu, na hizo zinabana pua kwa wenzo vilevile. Ncha ya mfupa wa pua ni nyembamba. Mkanda wowote wa pua ukae juu, vidole vinne kutoka tundu za pua, usije ukamziba pumzi.

Basi fanya hivi. Mpumzishe Shaba kazi. Mwite daktari wa mifugo amkague meno, kwa sababu farasi anayerusha kichwa ghafla mara nyingi ana gego lenye ncha linalochana shavu, au kijino kidogo mbele ya magego kinachogongwa na chuma. Ncha hizo zinasuguliwa kwa tupa, na kijino kinang'olewa. Tandiko nalo liangaliwe, mgongo ukiuma kichwa kinarushwa vilevile. Farasi anayekimbilia bandani anakimbilia mahali ambapo chuma kinavuliwa. Ukimwongezea chuma kikali zaidi umemwongezea sababu ya kukimbia.

Akipona, mvishe hatamu ya kichwani ya kawaida ya kumwongozea, isiyo na lijamu. Funga vigwe vya mtoto kwenye pete za pembeni za hatamu hiyo, ili akivuta avute ngozi ya pua na si taya. Kamba ya kuongozea ishike wewe mwenyewe, mzunguko mzima, kila mzunguko, hata siku ya wageni wengi. Shingoni mwa farasi funga ukanda ambao mtoto ataushika anapoyumba. Watoto huuzoea upesi sana, na wazazi wakiuliza ni wa nini, waeleze.

Kumbuka pia kwamba Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na farasi wa kukodisha hayuko nje yake.

Ile lijamu ya rafiki yako usimuuzie mwingine hata ukipoteza pesa. Uniandikie tena daktari akishamwona Shaba; nataka kujua alikuta nini kwenye yale magego.