Waasi wa Kolombia walikuwa hawataki amani, au walikuwa wanaogopa?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi nafuatilia sana habari za vita vya msituni. Kule Kolombia waasi wa FARC walipigana na serikali zaidi ya miaka 50, wakikaa mezani na serikali mambo yanavunjika, wakikaa tena yanavunjika tena, sasa hawa watu walikuwa hawataki amani au kuna kitu tusichokijua? Na hao wanamgambo wanaotajwatajwa ni watu wa nani? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Naanza na la pili maana ndo linafungua la kwanza.

Wanamgambo walikuwa kundi la tatu, wapinzani wa waasi. FARC walianza 1964, wakulima waliokuwa wanadai ardhi, na 1968 sheria ikaruhusu jeshi liwape raia silaha wasaidie kupigana nao. Miaka ya 80 wenye maranchi makubwa na wauza unga wakaingiza hela zao humo, wengi wao kwa sababu waasi walikuwa wanateka ndugu zao wanadai fidia. Carlos Castaño mwenyewe baba yake alitekwa na FARC na akafia mikononi mwao, na ndiye aliyekuja kuyaunganisha makundi 1997 yakaitwa AUC. Lakini hawa hawakuwa wanahangaika sana kuwafuata waasi porini, walikuwa wanaingia vijijini kwa watu wanaosemwa kwamba wanawalisha waasi. Februari 2000 kijiji cha El Salado waliua watu kama 60, wengine kwenye uwanja wa mpira huku ndugu zao wanalazimishwa kuangalia. Inaumiza sana hii kuiandika. Tume ya Ukweli ilipotoa ripoti 2022 ilisema wanamgambo ndo waliohusika na vifo vingi kuliko wote, karibu 45%, waasi wote kwa pamoja 27%.

Sasa turudi mezani. 1984 Rais Belisario Betancur alikubaliana na FARC kusimamisha mapigano, mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha siasa, Unión Patriótica, watu waingie bungeni badala ya kukaa msituni, yaani kile kitu ambacho kila siku waasi wanaambiwa wakifanye. Wakauawa. Mgombea urais Jaime Pardo Leal 1987, aliyemfuata Bernardo Jaramillo 1990, wabunge, mameya, madiwani, wanachama wa kawaida tu, mahakama maalum ya amani imehesabu watu zaidi ya 5,700 waliouawa au kupotezwa, na waliofanya kazi hiyo ni wanamgambo wakishirikiana na watu wa dola. Wewe ndo kamanda uko msituni na bunduki yako, unasikia hayo kwenye redio wiki baada ya wiki, utaishusha?

Ndo maana mazungumzo yalipoanza 1999 kule Caguán, eneo la kilomita za mraba 42,000 ambalo serikali ya Rais Pastrana iliwaachia waasi ili waongee, hazikupita wiki nyingi FARC wakagoma, wanasema kwanza shughulikieni wanamgambo. Siwatetei hata kidogo, kwenye eneo hilohilo waliendelea kuficha mateka, na Februari 2002 walipoteka ndege iliyombeba seneta mmoja, Rais Pastrana akafunga mazungumzo, na mimi naona hapo alikuwa na haki.

Baadaye AUC nao wakapewa meza yao. Kati ya 2003 na 2006 wanamgambo zaidi ya 30,000 wakashusha silaha, wakubwa wao wakaahidiwa kifungo kisichozidi miaka 8 wakisema ukweli. Tatizo wengine hawakwenda nyumbani, wakaunda magenge mapya ya unga, hilo Clan del Golfo la leo mizizi yake ni hapo.

Kwa hiyo mazungumzo ya serikali na FARC kule Havana, Kuba, ya 2012 mpaka 2016 yalifika mwisho kwa sababu, pamoja na mengine, suala hili liliandikwa ndani ya mkataba kabisa: kitengo maalum cha waendesha mashtaka cha kufuatilia warithi wa wanamgambo, na walinzi wa viongozi wa zamani wa FARC wakichanganywa polisi na wapiganaji wenzao wa zamani. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana, vijijini ulinzi haukufika kwa wakati, na tangu wasaini zaidi ya wapiganaji 400 wa zamani wameshauawa. 2019 Iván Márquez, aliyeongoza ujumbe wa FARC kule Havana, akarudi msituni akitaja mauaji hayo kama sababu mojawapo. Wenzake wengi hawakumfuata, wamebaki bila silaha, wengine kwenye ushirika wao wa kilimo, na hao ndo serikali inapaswa kuwalinda kwanza.