Barua kwa mwanangu: uchumi au masomo ya Asia?

Mwanangu,

Salamu kutoka Tukuyu. Mama yako mzima, migomba imekubali mwaka huu.

Umeniuliza kama uache uzamili wa uchumi hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uende Lund, Uswidi, ukasome masomo ya Asia kwa miaka 2, historia, siasa na uchumi vikiwa chungu kimoja. Unaogopa yasije yakawa ya mshika mbili, moja humponyoka.

Mimi nasema nenda. Tazama TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyokulipia ada. Benki ya Dunia ilikataa kuifadhili, Wachina wakatoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Mchumi atakuambia mizigo haikufikia matarajio, na ni kweli. Lakini mahesabu hayo hayasemi kwa nini Zambia iliihangaikia: njia yake ya baharini ilipita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliyotawaliwa na walowezi wa Ian Smith. Wala hayasemi China ilitafuta nini huku, mkataba ukisainiwa 1967 nayo haina hata kiti Umoja wa Mataifa. Ilikipata 1971. Ukitaka kuielewa reli ile, utabisha hodi kwenye fani zaidi ya moja, upende usipende.

Ninachokihofia mimi ni lugha. Kule karakana ya TAZARA Dar, mashine zilikuwa na vibao vya Kichina. Tulizijua swichi kwa mahali zilipo. Kusoma hakuna aliyeweza. Sasa wewe utajiitaje mtaalamu wa Asia kwa kusoma waliyoandika Waingereza? Chagua nchi moja, lugha moja. Kama ni China, Taasisi ya Confucius iko hapo hapo chuoni kwako, anza muhula huu. Utakapotumwa uwandani kukusanya data ya tasnifu, usiongee na wenye Kiingereza tu.

Pia uende na swali lako mwenyewe. “Napenda Asia” halitoshi. Nani anayejadili mikopo ya reli kwa upande wetu, na anasoma nakala ya lugha gani? Hilo mimi ningelilipia.

Kulipia ni msemo tu. Uswidi inawatoza karo wanaotoka nje ya Ulaya tangu 2011, na shamba siuzi. Bila ufadhili, baki Mlimani na Kichina chako. Ukiupata, nauli juu yangu.

Andika swali hilo kwa ukurasa mmoja, unitumie kabla ya kuomba.

Baba yako