Barua kwa mwanangu: mpira wa watoto Jambiani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini watoto wa Jambiani, hapo pwani ya Unguja, wiki hii wanajaa kiwanjani saa kumi alasiri na wiki inayofuata humwoni hata mmoja, na kwa nini hata wakija hawapigi pasi. Umeandika kwamba hawana nidhamu. Hapo umewaonea.

Wewe umepanga Jumatatu na Jumatano kama ulivyozoea bara. Kiwanja cha mchanga wa ufukweni hufuata maji ya bahari, na maji hufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri, kwa hiyo saa ya mazoezi yako kiwanja kiko chini ya bahari. Watoto wanajua, ndiyo maana hawaji. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yaani bahari hujaa na kupwa kidogo, kupwa kumeangukia alasiri, na ingawa bahari haiendi mbali, mchanga unatosha.

Chukua kalenda ya Kiislamu. Mazoezi ya alasiri weka kuanzia tarehe 7 hadi 10, kisha 22 hadi 25. Siku za bamvua hamia Jumamosi au Jumapili asubuhi, kwani maji hupwa kwenye saa nne. Kabla hujaandika saa yoyote, waulize nani yuko chuoni akisoma Kurani muda huo. Madrasa haihamishwi kwa ajili ya mpira. Na kabla ya adhana ya Magharibi, maliza.

Bamvua lina hatari yake. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda kidogo tu, kisha saa ya tatu na ya nne hupanda kama mita nzima kila saa. Tena hayaji kwa mstari ulionyooka: hutangulia kwenye mikondo na mabonde ya mchanga, na unaweza kukuta yamekuzunguka kwa nyuma. Saa moja na nusu baada ya kupwa, wote wawe wamerudi juu. Na usichore kiwanja karibu na vigingi vya mwani. Lile ni shamba la mtu, na wenye mashamba wengi ni mama zao hao hao watoto.

Sasa pasi. Kwenye mchanga mkavu mpira wa chini hufa baada ya mita chache, basi mtoto hujifunza kuuinua na kukokota mwenyewe. Wala si uchoyo. Ndiyo maana wanatuliza mpira wa juu vizuri kuliko watoto wengi wa nyasi. Ukitaka pasi, wapeleke kwenye mchanga ulioachwa na maji punde: kanyaga kwa kisigino, kikizama zaidi ya sentimita moja sogea chini kuelekea maji. Chora mraba wa mita 8, wanne pembeni na mmoja katikati, kila mtu miguso miwili. Dakika 10 zinatosha, kisha waache wacheze.

Mechi iwe ya watano kwa watano, kiwanja mita 30 kwa 20. (Soka rasmi la ufukweni ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28.) Kwa vile kitakaa sambamba na pwani, wakati wa kusi timu moja itasukumwa na upepo, basi badilisheni magoli kila dakika 10. Njumu marufuku. Wakivaa nusu yao, walio peku ndio wataumia vidole. Kabla ya kuanza, wapange mstari waokote makombe na vipande vya matumbawe.

Mipira uliyosema inapasuka, tatizo ni chumvi na mchanga. Ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, uianike kivulini, na sindano ya pampu uilowanishe kabla ya kuichomeka. Ukiichomeka kavu, yenye chembe za mchanga, utatoboa mpira wa ndani.

Baba yako