Niuze nyumba ya Mwanga, Kigoma, sasa au nisubiri bei ipande? (jibu)

Mkuu, kwanza hiyo milioni 70 aliyokutajia dalali mwaka juzi isahau. Ile haikuwa bei, yalikuwa maneno ya dalali, bei ni huyo aliyekuja na 48 mkononi.

Nyumba nzuri za hapa Kigoma zilikuwa zinabebwa na watu wa mashirika ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, sasa Warundi wanarudi kwao na bajeti zimekatwa, mpangaji wa laki tano hayupo, na aliyetaka kununua ili ampangishe naye kayeyuka.

Mi nilikuwa na nyumba Gungu, nikapata uhamisho wa Tabora. Nilichojiuliza ni kimoja tu, hii hela naipeleka wapi? Nilikuwa naenda kununua Ipuli na muuzaji wa kule naye alikuwa kakwama miezi kibao, basi nikauza kwa bei ya kuumiza na nikanunua kwa bei ya kumuumiza mwenzangu, ngoma droo. Ila mdogo wangu alipotaka kuuza ya kwake akajenge Dodoma nilimkatalia, huko viwanja havijashuka, angeuza nyumba nzima akapata msingi na kuta. Kapangisha vyumba kwa walimu, kodi ndogo lakini inaingia.

We hujasema unahamia wapi bana, na hapo ndo jibu lilipo.

Piga hesabu ya kinachobaki, sio kinachotajwa. Dalali anataka kamisheni yake, TRA wana 10% ya faida, ila kama umeishi humo miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15 hiyo unasamehewa. Risiti za saruji na bati zitafute, ndo zinazoonyesha gharama ulizoingia. Na shemeji asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yake.

Kuhusu kusubiri SGR (reli ya kisasa), mkataba wa Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022 na watu walishapandisha bei tangu siku ile, reli itafika lakini stesheni haitajengwa mlangoni kwako.

Kama una hati mpigie huyo wa 48, mwambie 53 kwa mkupuo kupitia benki. Akileta habari za nusu sasa nusu baada ya mavuno achana naye, hao wakishahamia ndani salio unalidai mpaka baraza la ardhi.