Anza na upinde: kwa wanaoingia kwenye fidla ya baroko

Karibu kila anayenijia akitaka kujifunza fidla ya baroko, yaani kupiga muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750 kwa namna ya wakati huo, huanza kwa kuuliza bei ya fidla. Namwambia asubiri. Chukua fidla uliyo nayo, ifunge nyuzi za utumbo wa mnyama, kisha fedha yako itafute upinde.

Upinde tunaoujua leo ulipata umbo lake kwa François Tourte, Paris, kwenye miaka ya 1780. Unaweza kuivuta noti kwa nguvu ile ile tangu kwenye mshiko hadi nchani. Upinde wa zama za Corelli, mtunzi na mpiga fidla wa Italia, ni mfupi zaidi na ncha yake ni nyepesi. Noti huzaliwa, hujaa, halafu hufifia yenyewe. Ukikaa nao miezi michache bila kuulazimisha, mkono wako wa kulia utajua mwenyewe kwa nini kati ya noti mbili zilizounganishwa kwa alama ya tao, zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde, ya kwanza hupewa uzito na ya pili huachiliwa. Maelezo ya mwalimu hayatoshi hapo. Upinde ndio mwalimu.

Kuhusu kuishika fidla kwa kidevu au bila kidevu, usikubali kutishwa. Kiegemeo cha kidevu ni kitu cha karne ya 19. Geminiani, katika kitabu chake cha kufundisha fidla, London mwaka 1751, aliweka fidla chini kidogo ya mtulinga; Leopold Mozart, katika chake cha mwaka 1756, alieleza namna mbili, na moja ilihusisha kidevu. Waliotangulia wenyewe hawakukubaliana, basi anayekwambia njia ni moja tu anakuonea. Jaribu zote, polepole, hasa mkono wa kushoto unaposhuka kutoka noti za juu, maana hapo fidla isiyobanwa huweza kuteleza.

Nyuzi za utumbo husumbuliwa na unyevu, kwa hiyo beba akiba. Sikio nalo lizoee noti ya “la” ya kulinganishia sauti ikiwa hezi 415, takriban nusu toni chini ya 440 ya leo, na wakati mwingine 392 kwa muziki wa Kifaransa.

Ninalosisitiza kuliko yote ni besi, yaani sauti ya chini inayobeba muziki. Sonata za Corelli za opus 5 zilitoka Roma mwaka 1700, na sehemu zake za taratibu zinaonekana tupu kwenye karatasi. Mwaka 1710 Estienne Roger wa Amsterdam alizichapa zikiwa na mapambo aliyosema ni ya Corelli mwenyewe. Wanafunzi huyakimbilia mapambo hayo na kuyakariri. Mimi huwazuia. Kwanza imba besi, kisha ipige, kisha kaa kwenye hapsikodi, kinanda cha zama hizo, utafute sauti ambazo tarakimu zilizoandikwa kwenye besi zinataka, hata kwa vidole vizito. Ukijua besi inakwenda wapi, pambo utakalobuni litakuwa na sababu. Asiyeijua besi hupamba kila mahali, na msikilizaji huchoka.

Kipato hakina utulivu, lijue hilo mapema. Uholanzi, wiki za kabla ya Pasaka, kwaya nyingi huimba Mateso ya Mathayo ya Bach, na simu ya mpiga fidla hailali. Baadaye huja miezi mikavu. Weka akiba wakati wa Kwaresima. Fika mazoezini mapema ukiwa umeshaandika kwenye noti zako alama za upinde kwenda juu au chini, kwa sababu anayekualika tena mara nyingi ni mwenzako wa kiti cha jirani, si kiongozi wa okestra.

Na ufundishe. Wapo wanaoona kufundisha ni kushindwa jukwaani, na hilo linaniuma. Mtunzi Vivaldi alianza kufundisha fidla kwa wasichana wa Ospedale della Pietà, nyumba ya watoto walioachwa huko Venice, mwaka 1703, na sehemu kubwa ya muziki wake iliandikwa kwa ajili yao. Anza na watoto kabla hujafikiria kupata nafasi kwenye chuo cha muziki wa kale kama Schola Cantorum ya Basel. Kabla ya kuwapigisha minueti, ambayo ni ngoma ya kucheza, wafundishe hatua zake sakafuni: hatua nne kwa mapigo sita, yaani ndani ya vipimo viwili. Wakishazikanyaga, waambie wachukue upinde, wala usiwaelekeze uzito uwekwe wapi.